Kinga ya bei kali ni ya nani? Vyombo, nguvu ya mukimbiaji na feza ya familia

Siku ya Yenga asubuhi, mbele jua lipande, kwenye barabara nyingi za huku mashariki unaweza kukutana na vikundi vya watu wenye wanakimbiza kinga. Wengine wanasema velo, wengine baiskeli. Sisi hapa tutasema kinga, vile watu wanasema mu muji. Katika kikundi kimoja utaona mambo mawili pamoja. Kuna baba mwenye tumbo kidogo, na mayo mupya ya kung'aa, lineti, viatu vyenye vinafungwa ku pedali, na kinga ya kaboni yenye ndugu yake alimutumia toka Ulaya. Pembeni yake kuna kijana mwenye kinga ya chuma, yenye jana ilibeba mihogo. Amevaa sandale za plastiki, na kwenye mulima njo yeye anapita wa kwanza. Watu wa kando ya njia wanacheka yule baba. Wanasema: vyombo vyote vile, na miguu hakuna!

Kicheko kile kinaficha swali la maana. Mama mumoja mwenye kuuzisha samaki sokoni alikuja kutuuliza kwenye mulango wa radio. Mutoto wake wa miaka 17 yuko ndani ya klabu. Walimuambia kama anataka kuendelea, lazima apate kinga ya mbio, na ile yenye walimuonyesha ni ya dola 700. Zamu ya mama ya kupokea likelemba inakaribia. Je, aitie yote ku kinga? Mutoto ana uwezo wa kupanda kinga ya namna ile, ao ni sifa tu? Siku ile hatukuwa na jibu nzuri la kumupa. Tulikaa, tukauliza mafundi, tukasoma, na habari hii ndiyo jibu letu.

Swali lenyewe

Katika muchezo wa kinga, pale na pale duniani, kuna mabishano ya zamani. Watu fulani wanasema chombo cha bei kali kinapaswa kustahiliwa: anza na kinga ya kawaida, onyesha nguvu, kisha nunua nzuri. Wengine wanajibu: feza ni yake, furaha ni yake, hakuna mutu wa kumupimia.

Sisi Wakongomani tunajua vizuri maneno ya namna hii, kwa kuwa inchi yetu ina Sape. Sapeur anaweza kununua viatu vya Paris vyenye bei kupita kodi ya nyumba, na hakuna mutu anamuuliza kama anajua kutembea. Nguo ikionekana imeisha kazi yake. Lakini kinga iko tofauti. Inapaswa kukupandisha mulima, na zaidi ya yote inapaswa kukushusha na kusimama wakati unafunga fereni. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mutu anastahili. Tunapaswa kuuliza kila chombo: unafanya kazi gani, na nani anahitaji kazi ile?

Nguvu ya mukimbiaji inaliwa na nini

Kila mara unapokanyaga pedali, nguvu yako inaliwa na vitu vitatu: upepo, uzito na mupira.

Upepo njo adui mukubwa kwenye barabara tambarare. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu yenye upepo unakudai haizidi mara mbili. Inazidi karibu mara nane. Njo maana mutu mwenye anaenda kilometre 15 kwa saa hasikii kitu, lakini mwenye anakimbia 40 anatumia sehemu kubwa ya nguvu yake kupasua hewa tu. Na katika upepo ule, mwili wa mutu njo unachukua sehemu kubwa, karibu robo tatu ao zaidi. Kinga yenyewe inachukua kipande kidogo. Kwa hiyo magurudumu ya kaboni yenye bei ya pikipiki yanashugulika na kile kipande kidogo. Mutu akiinamisha mugongo na kukunja viwiko, anapunguza kile kipande kikubwa, na hajalipa hata franga moja.

Uzito unaonekana kwenye mulima. Tufanye hesabu. Mukimbiaji ana kilo 65, na kinga yake ina kilo 12. Pamoja ni kilo 77. Akinunua kinga ya kilo 8, wote wawili wanakuwa kilo 73. Amepunguza karibu tano kwa mia. Kwenye mulima wenye alikuwa anapanda kwa dakika 30, anaweza kupata karibu dakika moja na nusu. Mu mashindano, dakika moja na nusu ni kitu kikubwa sana. Inaweza kutenganisha mutu wa kwanza na wa kumi na tano. Lakini kwa mutu mwenye alianza muchezo mwezi uliopita, miezi michache ya mazoezi ya kila juma inaweza kumupa zaidi ya pale. Na kama yeye mwenyewe ana kilo sita za tumbo, anajua pa kuzipunguza.

Mupira unasahaulika, lakini kwenye barabara zetu una maana. Watu wengi wanajaza hewa mpaka mupira unakuwa mugumu sawa jiwe, wakifikiri utakimbia zaidi. Kwenye kokoto na mashimo, mupira mugumu sana unarukaruka, na kila kuruka kunakula nguvu. Mupira muzuri, mupana kidogo, wenye hewa ya kadiri, ni kati ya vyombo vyenye bei ndogo na faida kubwa.

Mutu mwenye alitumia vipande vya mashine ya kufua

Kuna muchezo mumoja wenye unaonyesha jambo hili wazi: rekodi ya saa moja. Mutu anapanda kinga peke yake ndani ya kiwanja cha duara, na anakimbia dakika 60. Wanapima tu umbali.

Mu 1993, Graeme Obree wa Uskoti, mwenye hakuwa na timu kubwa nyuma yake, alijitengenezea kinga yake mwenyewe. Aliiita Old Faithful, na ndani yake alitia rulma zenye zilitoka kwenye mashine ya kufua nguo. Tarehe 17 mwezi wa 7, mu muji wa Hamar, inchi ya Norwe, alifikisha kilometre 51 na metre 596, akavunja rekodi ya Francesco Moser yenye ilikuwa imedumu tangu 1984. Siku sita tu kisha pale, Mwingereza Chris Boardman, mwenye alikuwa na wataalamu na vyombo vya kisasa, alifikisha kilometre 52 na metre 270 mu Bordeaux. Mwezi wa 4 mwaka 1994, Obree akairudisha tena: kilometre 52 na metre 713.

Watu wanapenda kusimulia habari hii ili kusema vyombo haviko na maana. Tusikimbilie pale. Kinga ya Obree ilikuwa ya garama ndogo, ni kweli, lakini haikuwa ya kawaida. Alibuni namna mupya ya kukaa, mikono imekunjwa chini ya kifua, ili upepo usimukamate. Shirikisho la dunia la kinga, UCI, lilikuja kukataza namna ile ya kukaa.

Angalia tena Boardman. Mu 1996, ndani ya kiwanja cha Manchester, akiwa amenyoosha mikono mbele sana, alifikisha kilometre 56 na metre 375. Mu 2000 alirudi ndani ya kiwanja kilekile, lakini sasa kwa kinga ya namna ya zamani, sawa na ile yenye Eddy Merckx alitumia mu 1972. Alifikisha kilometre 49 na metre 441. Umri na hali ya siku vilikuwa tofauti, lakini miguu ilikuwa ya mutu mumoja, na tofauti ilikuwa karibu kilometre 7. Na Merckx, miaka 28 mbele yake, alikuwa amefikisha kilometre 49 na metre 431. Metre 10 tu kati yao!

Kwa hiyo mutu mwenye anasema chombo hakifanye kitu anadanganya. Chombo kinafanya. Lakini wale ni watu wenye wamekwisha kutumia kila kitu mwili wao unaweza kutoa, na ushindi wao unahesabiwa kwa sekunde. Mutu wa siku ya Yenga, hakuna mwenye kumuhesabia sekunde. Kile kipande cha mwisho chenye bei kubwa, yeye anakilipia, lakini hana pa kukitumia.

Milima ya Kigali haikuuliza bei

Hata kama mambo ya inchi zetu mbili ni mazito, watu wengi wa muchezo huku kwetu walifuata mashindano ya dunia ya kinga yenye yalifanyika Kigali, tarehe 21 mpaka 28 mwezi wa 9 mwaka 2025. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Siku ya mwisho, wanaume walikimbia zaidi ya kilometre 260, kupanda na kushuka milima siku muzima. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Lakini jambo lenye linatusaidia leo ni hili: wakimbiaji zaidi ya 160 walianza, na 30 tu walifika mwisho. Wengi wao walipanda kinga za daraja moja, zenye ku duka zinaweza kupita dola 10,000. UCI haikubali kinga ishuke chini ya kilo 6 na gramu 800, kwa hiyo hata tajiri hawezi kununua wepesi bila mwisho. Wale wenye walisimama njiani hawakusimama kwa sababu ya kinga mbaya. Milima iliwamaliza wakiwa juu ya vyombo bora vya dunia.

Wakati uwezo unapita kinga

Mpaka hapa tumeongea juu ya mutu mwenye chombo kupita nguvu yake. Lakini huku kwetu ugonjwa mukubwa ni ule mwingine: mutu mwenye nguvu kupita chombo. Yule kijana wa sandale hachekwi na mutu, wanamushangilia mulimani, lakini shangwe haimupeleke ku mashindano.

Rwanda walipita njia hiyo. Mu 2006, Tom Ritchey, mutengenezaji wa kinga wa Marekani, alisaidia kuandaa kule mbio yenye iliitwa Wooden Bike Classic, ikiwa pamoja na zile kinga za mbao zenye tunazijua na sisi. Mu 2007 Jonathan Boyer, Mumarekani wa kwanza kukimbia Tour de France (1981), alianza kufundisha timu ya Rwanda. Adrien Niyonshuti, mumoja wa wale wa kwanza, alifika Michezo ya Olimpiki ya London mu 2012, akakimbia kinga ya mulimani na akamaliza mu nafasi ya 39. Mu 2014 Valens Ndayisenga akawa Munyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu mbio ile iingie kwenye kalenda ya UCI mu 2009. Miguu ilikuwa pale siku zote. Chenye kilikosekana ni chombo, mwalimu, chakula na mashindano.

Eritrea wana hadisi ya kupita hapo. Muchezo wa kinga ulifika kule na Waitaliano wakati wa ukoloni, na wenyeji wakaufanya wao. Mu 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa mayo ya madoa mekundu, ya wapanda milima, kwenye Tour de France. Mu 2024 Biniam Girmay, mutoto wa Asmara, alishinda hatua tatu za mbio ile na kurudi na mayo ya kijani.

Kuna mahali ambapo umaskini wa vyombo unaonekana kwa macho: mbio za kushindana na saa, mutu peke yake. Wakimbiaji wa inchi tajiri wanapanda kinga maalumu yenye pembe mbele, ili walaze mikono. Wa inchi maskini mara nyingi wanapanda kinga yao ya kawaida, ileile ya jana, na wanapoteza dakika mbele hata kujulikana nani ana nguvu. Pale kusema "kwanza aonyeshe uwezo" ni kama kuomba mutu aonyeshe namna anaogelea wakati ziwa limefungwa.

Vyombo vyenye havipaswi kungoja uwezo

Tukitenganisha vyombo kufuatana na kazi yao, tunaona kuna vile vyenye mutu anahitaji siku ya kwanza. Tena mutu muzaifu anavihitaji kupita bingwa.

Cha kwanza ni fereni. Bingwa anajua kusoma kona na anaweza kushuka na fereni mbaya kwa muda fulani. Mutu mwenye anaanza hajui. Vipande vya raba na kamba mupya ya fereni ni feza kidogo, na njo vya kubadilisha mbele ya yote. Kwenye milima yetu, na magari ya mizigo na matope, tusibishane hata kidogo juu ya fereni.

Cha pili ni kaske. Hata mabingwa walikuwa wanaikataa, wakisema inaleta joto. Mu 2003 mukimbiaji Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka kwenye mbio ya Paris-Nice, akafa kwa kuumia kichwa, na mwaka uleule UCI ikailazimisha. Kaske ya bei kali inakupunguzia joto, uzito na upepo. Lakini ya bei ndogo yenye alama ya kweli ya EN 1078, ile ya Ulaya, ilipita majaribio yaleyale ya kugongwa. Kaske yenye ilikwisha kugonga chini kwa nguvu, itupe, hata kama haionyeshe ufa, kwa kuwa povu la ndani linafanya kazi mara moja tu. Kwa hiyo jihazari na kaske ya okazyo yenye haujui historia yake.

Cha tatu ni kipimo cha mwili. Kinga kubwa ao ndogo kupita mwili wako inaumiza magoti, mugongo na mikono, hata kama iligarimu dola 5,000. Kuna namna rahisi ya kupima kiti: kaa juu ya kinga, mutu mwingine aishike, weka kisigino ku pedali ikiwa chini kabisa. Muguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya muguu ku pedali, goti litakunjwa kidogo, na pale ni sawa.

Cha ine ni vitesi nyepesi. Hapa watu wengi wanadanganywa, kwa hiyo tupige hesabu tena. Kinga nyingi za zamani za mbio zina meno 39 mbele, kwenye duara ndogo, na meno 23 nyuma, kwenye ile kubwa. Ziliwekwa kwa watu wenye miguu ya kazi. Mutu mwenye anapanda mulima kwa kilometre 8 kwa saa na vitesi ile, anazungusha pedali karibu mara 37 tu kwa dakika. Kila zunguko ni kama kuinua gunia, na goti njo linalipa. Mupe meno 34 mbele na 34 nyuma: mwendo ni uleule, lakini anazungusha karibu mara 63, miguu inapumua. Tena mara nyingi, kubadilisha yale meno ya nyuma kunagarimu kidogo kuliko kununua kinga mupya, lakini uliza fundi kwanza kama derayeri yako itafikia meno makubwa.

Hapa tunaona jambo lenye wachekaji wa kando ya njia hawakuona. Yule baba wa tumbo, mwenye vitesi nyepesi na fereni kali, hakukosea. Anavihitaji kupita kijana. Pengine daktari alimuambia afanye mazoezi. Tukimucheka, juma lijalo atabaki ndani ya nyumba, na hata yule jirani yake mwenye alikuwa anataka kuanza hataanza.

Vyombo vyenye vinaweza kungoja

Kadre ya kaboni, magurudumu marefu ya kaboni, kaske ya kupasua upepo, chombo cha kupima nguvu ya miguu, vitesi za umeme: hivi vyote vinaweza kungoja. Si kwamba ni dhambi kuvinunua. Mwenye feza zake azitumie. Lakini kama feza ni ya familia, vinapaswa kuja mwisho, wakati mukimbiaji ameanza kupoteza nafasi kwa sekunde.

Viatu vya kufunga ku pedali viko katikati. Vinasaidia, lakini mutu mwenye anaanza navyo karibu lazima aanguke siku moja, akiwa amesimama, kwa kuwa alisahau kufungua muguu. Jifunze kwanza kwenye nyasi. Kaptula yenye kitambaa kinene ndani, hiyo kila mutu mwenye anakaa juu ya kiti zaidi ya saa moja atashukuru, awe bingwa ao hapana.

Bei kali ina mukia

Chombo cha bei hakiishie ku bei ya siku ya kununua. Kinga ya chuma ikivunjika kadre, fundi wa kusude ataichomelea hapa hapa. Ya alimini ni ngumu zaidi. Ya kaboni haipindike. Inapasuka, na mara nyingine ufa uko ndani, hauonekane. Ukiletewa kadre ya kaboni ya okazyo, isafishe, iangalie juani pole pole, kila pembe, zaidi karibu na gido, kiti na pedali. Igongegonge na sarafu: sauti ikibadilika gafula na kuwa ya kufa, uwe na mashaka. Rangi mupya kwenye kipande kimoja tu ni sababu ya kuuliza maswali.

Sheni ya vitesi 12 nyuma ni nyembamba, bei yake iko juu, na mu masoko yetu mengi haipatikane. Ya vitesi 7 ao 8 inapatikana kwa urahisi zaidi. Fereni za mafuta zinashika vizuri sana, lakini zinahitaji mafuta yake maalumu na vyombo vyake. Za kamba, fundi wa kando ya njia anazitengeneza. Mbele ya kulipa, uliza: kitu hiki kikivunjika siku ya Tano, nitakipata wapi mbele ya siku ya Yenga?

Wenye kubeba mizigo walielewa jambo hili zamani. Angalia chukudu ya Goma. Ni mbao, ina magurudumu mawili yenye kufunikwa na mupira, haina pedali wala sheni, na inabeba mizigo ya mamia ya kilo. Hakuna dereva wa chukudu mwenye atakubali ubadilishe yake na kinga ya kaboni ya dola 10,000, hata kwa siku moja ya kazi. Chombo chake kinalingana na muzigo wake, barabara yake na fundi wake. Muji ulimujengea sanamu.

Jibu letu kwa mama

Mama, usitoe dola 700 kwa mara moja. Lakini pia usimuambie mutoto angoje mpaka awe bingwa.

Kwanza, uliza klabu maswali matatu. Je, wana kinga ya mbio yenye wakimbiaji wanaweza kutumia kwa zamu? Mutoto wako alikwisha kupimwa, kwa saa, kwenye mulima uleule, mara nyingi, pamoja na wenzake? Kuna mashindano gani ya kweli yenye atakimbia mwaka huu? Kama hakuna kinga ya kuazima, hakuna kipimo, na hakuna mashindano, ile kinga ya 700 ni ya nani hasa? Na mutu mwenye anasema lazima ununue, angalia kama si yeye njo anauzisha.

Pili, siku hii hii, mununulie kaske na vipande vya fereni, hata kwa ile kinga ya chuma. Hayo hayangojei mutu aonyeshe kipaji.

Tatu, kama muda ukipita na saa inaonyesha anaendelea, tafuta kinga ya okazyo ya chuma ao alimini, ya kipimo cha mwili wake, yenye vitesi nyepesi na vipande vya kupatikana mu muji. Nenda na fundi mwenye haujuane na muuzaji. Na usisahau kubakisha feza ya mupira, sheni na chakula, kwa kuwa mutoto mwenye anakimbia kilometre 80 na kurudi kula mara moja kwa siku, hakuna kaboni ya kumusaidia.

Ine, kwa wale wenye vyombo vya bei kali: musiviuzishe nje wakati munavichoka. Klabu nyingi zina kijana mwenye kipimo chenu cha mwili.

Yule mama alipita tena kwenye radio, tukamusomea haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lenye hatukuwa tumeandika: yule wa klabu, mwenye kumuambia mutoto bei, alimupima kweli? Alienda kuuliza. Jibu lilikuwa hapana. Siku ya Posho iliyofuata wakapima vijana wote kwenye mulima mumoja, na saa ya simu. Mutoto wake alifika wa tatu, na kinga ya chuma, akiwa na kaske mupya kichwani. Likelemba, mama ameiweka kwanza kwa masomo, na sehemu kidogo ameitenga. Anasema atapima tena kisha miezi mitatu.